Abasia ya Shaftesbury: Watawa Matajiri na Ugomvi wa Mifupa

Abasia ya Shaftesbury, katika wilaya ya Dorset kusini mwa Uingereza, ilikuwa makao ya watawa wa kike kwa takriban miaka 650. Mfalme Alfred aliianzisha mnamo mwaka 888 hivi juu ya kilima chenye maji haba, akamweka binti yake Æthelgifu kuwa mama mkuu wa kwanza. Watawa wake walikuja kujulikana kama Wabenediktini, wafuasi wa Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ile ile inayofuatwa hadi leo na wamonaki wa Peramiho na Ndanda nchini Tanzania.

Kilichoipa nyumba hiyo jina ni maiti ya kijana. Mnamo Machi 18, 978, Mfalme Edward, ambaye bado alikuwa katika miaka ya ujana, aliuawa huko Corfe alikokwenda kumtembelea Æthelred, mdogo wake wa baba mmoja. Masimulizi ya baadaye yanamtupia lawama mama yake wa kambo, Ælfthryth, yakidai kwamba kijana alichomwa kisu akiwa bado juu ya farasi. Wanahistoria wa leo hawamhukumu mama huyo kwa haraka kiasi hicho. Edward alizikwa Wareham bila heshima za kifalme, lakini haukupita muda mrefu mwili wake ukahamishiwa Shaftesbury kwa shangwe, na watu wakaanza kumwita shahidi.

Aliyenufaika na mauaji hayo ni Æthelred, aliyerithi kiti, na ndiye huyo huyo aliyemkuza marehemu. Mwaka 1001 aliwapa watawa eneo la Bradford-on-Avon wapate mahali pa kukimbilia na masalia matakatifu wakivamiwa na Wadenmaki. Mahujaji walifurika, na sadaka zikafuatana nao. Mfalme Cnut, Mdenmaki aliyetawala Uingereza, alifia hapo hapo Shaftesbury mwaka 1035.

Mali ilizidi kuongezeka. Ghala kubwa la mawe lililojengwa Bradford-on-Avon katika karne ya 14 kuhifadhi mazao ya abasia bado limesimama, na paa lake la mbao linatosha kumweleza mtu nafaka iliyokuwa ikikusanywa. Mama mkuu alishika ardhi yake moja kwa moja kutoka kwa mfalme kama mabwana wakubwa wa nchi, na alidaiwa kutoa askari wa farasi vita vikizuka, ingawa bungeni hakukaa kwa kuwa ni mwanamke. Mzaha wa zamani ulisema kwamba lau abati wa Glastonbury angemuoa mama mkuu wa Shaftesbury, mrithi wao angekuwa na ardhi kupita mfalme. Familia za kifahari ziligombania nafasi za mabinti zao, hata mwaka 1218 Papa Honorius III akakataza idadi ya watawa kupita 100, kwa kuwa nyumba ilikuwa ikielemewa. Na kwa kuwa kuta zake zilikuwa imara, serikali nayo ilizitumia: Elizabeth de Burgh, mke wa Mfalme Robert Bruce wa Scotland, alishikiliwa humo kwa muda akiwa mfungwa wa Waingereza.

Mwaka 1539 yote yalikwisha. Henry VIII alikuwa akizifunga nyumba za watawa nchi nzima, na mama mkuu wa mwisho, Elizabeth Zouche, aliisalimisha abasia pamoja na watawa wenzake zaidi ya 50. Alipewa pensheni ya pauni 133 kwa mwaka, fedha nyingi kwa wakati ule. Eneo likaangukia mikononi mwa Sir Thomas Arundell, na kanisa likabomolewa, mawe yake yakaenda kujengea kwingine.

Masalia ya Edward hayakuonekana tena hadi Januari 1931, pale John Wilson-Claridge, ambaye familia yake ilimiliki eneo hilo, alipofukua sanduku la madini ya risasi lenye mifupa. Mtaalamu aliyeipima baadaye aliona mivunjiko inayolingana na mtu aliyeburutwa na farasi. Wengine walipinga wakisema ni ya mtu mwenye umri mkubwa zaidi. Mgunduzi hakuyumba: alitaka mifupa ikabidhiwe kanisa litakaloiheshimu kama masalia ya mtakatifu, na waliokubali masharti yake ni Waorthodoksi wa Kanisa la Urusi la ughaibuni. Kaka yake Geoffrey akasimama upande wa mji, akitaka irudishwe Shaftesbury. Ndugu hao wakafikishana mahakamani, na shauri likiendelea, mfalme shahidi, kama kweli ndiye, akakaa katika chumba cha hazina cha benki mjini Woking. Hatimaye Waorthodoksi walibaki nayo, na sasa imo katika kanisa lao kwenye makaburi ya Brookwood, Surrey.

Shaftesbury kwenyewe imebaki misingi ya kanisa ndani ya bustani yenye makumbusho madogo. Wageni wengi hupita moja kwa moja hadi Gold Hill, mteremko wa mawe uliopata umaarufu kwa tangazo la mkate la mwaka 1973, wakapiga picha zao bila kuuliza ule ukuta mnene ulio kando yao ni wa nani. Ni ukuta wa abasia.