Mizani, Daftari na Itifaki: Maelezo Mafupi kutoka Mara

Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa, ambalo Musoma ilikuwa ndani yake, walikuwa na shaka juu ya mizani ya wanunuzi. Hawakutaka kuapiwa. Chama chao, kikiongozwa na Paul Bomani, aliyezaliwa Musoma mwaka 1925, kiliweka wapimaji wake wasimame kando ya mizani na kuandika uzito wenyewe. Mwaka 1955 juhudi hizo zilizaa Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria.

Nayataja haya kwa kuwa swali lile limerudi kwa sura nyingine: daftari moja laweza vipi kuliamini daftari jingine?

Fedha za simu zilipoanza nchini mwaka 2008, mtu wa Butiama hakuweza kutia fedha moja kwa moja katika hesabu ya nduguye wa Bunda aliyetumia kampuni nyingine. Kampuni zilianza kupatana mwaka 2014, na Vodacom ikaingia mwaka 2016. Hapo madaftari yaliunganishwa kwa mkataba.

Blokicheni, iliyojulikana kwa Bitcoin tangu Januari 2009, ni daftari lisilo na karani mkuu. Nakala zake hushikwa na wengi, na kila ukurasa hubeba alama ya ukurasa uliotangulia, hata afutaye neno la zamani hutambulikana. Madaftari hayo yalipozidi, ilitokea haja ya kuyaunganisha. Daraja liitwalo Ronin lilitegemea mashahidi tisa, na watano walitosha kuthibitisha. Machi 2022 wezi walipata funguo tano, wakatwaa mali ya zaidi ya dola milioni 600. Itifaki ya IBC, iliyoanza kutumika mwaka 2021, hufanya vingine: kila mnyororo huweka ndani yake mthibitishaji wa kukagua mihuri ya mwenzake. Huyo ndiye mpimaji wa wakulima.

Lakini naye ana mpaka wake. Wengi wa washika daftari wa upande wa pili wakila njama, atadanganyika.

Neno itifaki tumelipata kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni mapatano. Lafaa kwa kazi hii, mradi tusisahau kwamba wakulima wale hawakutosheka na mapatano: walitaka na mtu wao kando ya mizani.