Chumvi, Mizani na Vidonge: Watumishi wa Afya katika Miaka Mia ya Usharika Wetu

Kamati ya Maadhimisho iliponiomba niandike sura inayohusu huduma ya afya, nadhani ilitarajia niandike habari za zahanati: nani alitoa kiwanja, mabati yalitoka wapi, na Askofu alikuja lini kuiweka wakfu. Habari hizo zimo katika sura ya majengo, na ndugu aliyeiandika amefanya kazi hiyo vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Naomba ruhusa ya wasomaji niandike juu ya jambo lisilo na jiwe la msingi, yaani namna watu wa milima hii ya Ukinga walivyopata madini joto, na habari za wale waliowapelekea.

Kijana aliyezaliwa baada ya mwaka 2000 huenda hajaona rovu. Sisi tuliozaliwa karibu na Uhuru tulikua tukidhani kwamba shingo ya mtu mzima ndivyo ilivyo. Bibi yangu mzaa baba alikuwa nalo kubwa, hata alipofunga kitambaa cha kichwa alikizungusha mpaka chini ya kidevu ili kulifunika. Shangazi zangu wawili walikuwa na madogo. Tazama kwa makini picha ya kwanza ya waumini, ile iliyochapwa mwanzoni mwa kitabu hiki, utawaona akina mama wanne wa mstari wa mbele wamevimba shingo, na hakuna anayeona haya, kwa kuwa jirani yake naye anayo. Wazee walichanja chale na kupaka majivu. Wengine walisema husababishwa na mizigo ya kichwani, wengine walilaumu maji ya mto. Hawa wa maji hawakuwa mbali sana na ukweli.

Madini joto, ambayo wataalamu huyaita iodini, yamo kwa wingi baharini. Katika nchi za milimani mvua za maelfu ya miaka zimeyasomba kutoka katika udongo na kuyapeleka chini. Viazi, ngano na maharage yetu hustawi na kuwa matamu, lakini hayana madini hayo ya kutosha. Tezi iliyoko shingoni huyahitaji ili kutengeneza homoni za mwili, nayo ikiyakosa huvimba kwa kujitahidi kukamata kidogo kinachopita. Kwa hiyo rovu ni alama tu, na hasara kubwa haiko shingoni. Mama mjamzito mwenye upungufu huo aweza kupoteza mimba, au kuzaa mtoto aliyekwisha kufa, au mtoto kiziwi, asiyesema, mfupi wa kimo na mzito wa akili. Mtoto mwingine huzaliwa akionekana mzima kabisa, ila darasani hubaki nyuma bila mtu kujua sababu. Sisi walimu wa kipaimara tulimwita mtoto wa namna hiyo mvivu, na wapo tuliowachapa.

Mwaka 1965 Daktari Michael Latham, mzaliwa wa Kilosa aliyefanya kazi ya udaktari hapa nchini, alichapisha matokeo ya uchunguzi alioufanya Ukinga. Robo tatu hivi ya watu aliowapima walikuwa na rovu. Wakati huo Injili ilikuwa imehubiriwa katika nchi hii kwa miaka sabini, tangu wamisionari wa Berlin walipofungua kituo cha Bulongwa mwaka 1895. Nimepitia vitabu vya kumbukumbu vya usharika wetu tangu kile cha kwanza. Vimeorodhesha ubatizo, ndoa, mazishi na adhabu za kanisa (hizi kwa ukamilifu wa kushangaza), lakini sikuona mstari hata mmoja juu ya rovu. Jambo ambalo kila mtu analo haliandikwi.

Chumvi tulikuwa nayo. Wakinga ni wafanyabiashara tangu zamani, wala hawakukosa chumvi. Lakini chumvi ya kawaida, iwe ya Uvinza au ya pwani, ina madini joto kidogo mno mpaka yaongezwe kiwandani, na kwa miaka mingi hayakuongezwa.

Mwaka 1973 yalitokea mambo mawili. Serikali iliunda Taasisi ya Chakula na Lishe, na redio ikaendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo watu wapatao milioni mbili nchini walijifunza katika vikundi, kitabu mkononi na redio katikati. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Kikundi cha kijiji chetu kilikutana uani kwa mwinjilisti, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na redio yenye betri nzima, na baada ya majuma machache kila nyumba ikachimba choo. Sisi watoto tulikagua vyoo vya majirani kwa bidii kuliko tulivyochimba vya kwetu.

Muongo uliofuata Mkoa wa Iringa, ambao Makete ilikuwa ndani yake mpaka Mkoa wa Njombe ulipoundwa mwaka 2012, ulianza mpango wa lishe kwa msaada wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani. Vijiji 168 vilitangulia, kisha mpango ukaenea mkoani. Kila kijiji kilichagua wahudumu wa afya wake, akapatikana mama mmoja wa usharika wetu, mwimbaji wa kwaya, aliyesoma mpaka darasa la saba. Wanawe wameniomba nisimtaje jina, nami naheshimu. Alipewa mafunzo, daftari, na mizani ya kuning'iniza. Kila baada ya miezi mitatu mizani ilifungwa kwenye mti ulio mbele ya kanisa, watoto wakatiwa ndani ya mfuko wa kitambaa wakining'inia na kulia, na uzito ukaandikwa kwenye kadi yenye rangi tatu: kijani, kijivu na nyekundu. Mama ambaye mtoto wake aliangukia nyekundu hakusemwa hadharani. Jioni yake mhudumu alipita nyumbani kwake kama aliyekuja kuomba moto, akatazama chunguni kuna nini, akauliza mtoto hula mara ngapi kwa siku na nani humlisha mama akiwa shambani. Nimesoma teolojia ya uchungaji Makumira kwa miaka kadhaa na kuwasikiliza walimu wazuri. Lakini kumtembelea mtu bila kumwaibisha nilijifunza kwa yeye.

Ndipo vikaja vidonge. Tangu mwaka 1986 serikali iligawa vidonge laini vyenye mafuta ya madini joto katika wilaya zaidi ya ishirini zilizokuwa na rovu kwa wingi, navyo vilikusudiwa vimkinge mtu kwa miaka miwili au zaidi. Walipewa watoto, vijana, na wanawake wa umri wa kuzaa. Wanaume watu wazima hawakupewa, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Kama ni dawa ya rovu, walisema wazee, mbona sisi wenye rovu hatupewi? Kwa nini wanapewa wanawake wanaozaa tu? Katika majuma mawili uvumi ukaenea kwamba vidonge vile ni vya kufunga uzazi.

Wakati huo nilikuwa mwinjilisti kijana katika mtaa mmoja wa usharika huu, kabla sijakwenda chuoni. Baraza la wazee waliniuliza Kanisa linasemaje. Mhudumu yule alikuwa amekwisha nieleza vidonge ni vya nini, nami nilimwelewa. Lakini niliwaogopa wazee. Nilisimama, nikafungua Biblia, nikasema kila nyumba iliombee jambo hili na kuamua. Maneno yale yalisikika ya kiroho sana. Siku ya ugawaji ilipofika, zaidi ya nusu ya akina mama wa mtaa wangu hawakuja.

Mama yule hakunilaumu. Alichukua vidonge akaenda jikoni kwa jikoni, na katika kila nyumba alikaa, akamega chakula pamoja na wenyeji. Siku moja alisimama mbele ya akina mama wote kisimani akameza vidonge vyake mbele yao. Miaka miwili haijatimia alijifungua mtoto wa kiume, na uvumi ukafa bila hotuba ya mtu yeyote. Awamu iliyofuata mtaa ulijaa.

Lakini katikati ya awamu hizo mbili, katika nyumba mojawapo iliyokwenda kuomba na kuamua kama nilivyowashauri, alizaliwa binti asiyesikia wala kusema. Uziwi una sababu nyingi, na hakuna daktari aliyeniambia kwamba ni kwa ajili ya kidonge kile. Nilimbatiza mimi, nilipokwisha kubarikiwa kuwa mchungaji, kwa kuwa wazazi wake walichelewa kumleta. Nimeandika jambo hili kwa sababu kitabu cha miaka mia chenye ushindi mtupu wajukuu wetu hawatakisadiki.

Ugawaji huo haukuwa kamili popote. Nchini kwa wastani ulifikia karibu theluthi mbili ya waliokusudiwa, na mara nyingi awamu ya pili ilichelewa. Mwaka 2009 wataalamu wa uchumi Erica Field, Omar Robles na Maximo Torero waliandika kwamba watoto wa Tanzania ambao mama zao walipata vidonge wakati wa mimba walisoma zaidi shuleni, hasa wasichana. Wachunguzi wengine waliorudia hesabu hizo baadaye walisema matokeo hayo si imara kama yalivyodhaniwa. Wabishane wao. Ya kwamba mtoto aliyeko tumboni huhitaji madini joto kwa ajili ya ubongo wake, hilo halibishaniwi.

Katikati ya miaka ya 1990 sheria ilitaka chumvi ya kula iongezwe madini joto. Hapo kazi ya mhudumu ikawa ya jikoni kabisa. Alifundisha kwamba chumvi ihifadhiwe katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na moshi, na itiwe chakula kinapokaribia kuiva, maana madini joto hupotea. Watoto wa shule walileta chumvi ya nyumbani imefungwa katika karatasi, akaidondoshea tone la dawa: yenye madini ikageuka zambarau, isiyo nayo ikabaki nyeupe. Siku ile chumvi ya nyumbani kwa mchungaji ilibaki nyeupe. Mchungaji huyo nilikuwa mimi. Nilikwisha kuhubiri mara tatu juu ya chumvi ya ulimwengu, na mara moja juu ya Elisha aliyetupa chumvi katika chemchemi ya Yeriko, ambako nchi ilikuwa inaharibu mimba, na sikuwahi kuuliza mke wangu hununua chumvi gani.

Huduma nyingine nitazitaja kwa ufupi. Matone ya vitamini A kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 hutolewa mara mbili kwa mwaka, na vidonge vya kuongeza damu hutolewa kliniki kwa wajawazito. Habari za UKIMWI, ambao uliumiza wilaya yetu kuliko ugonjwa wowote, zina sura yake.

Siku hizi baada ya ibada hukuta meza uwanjani, na juu yake chupa za virutubisho vilivyopangwa kwa rangi. Muuzaji amevaa tai na anajua maandiko. Chupa moja huuzwa kwa bei ya gunia la viazi, nayo, kwa maelezo yake, husafisha damu, huondoa kisukari na kufungua uzazi. Mwaka jana mzee mmoja wa usharika aliacha vidonge vyake vya kisukari kwa miezi miwili kwa ajili ya chupa kama hizo, tukamkimbiza hospitali akiwa hajitambui. Alipona. Sisemi kwamba kila kilichomo ndani ya chupa ni kibaya. Kidonge cha mafuta kilichomezwa pale kisimani nacho kilikuwa kirutubisho. Lakini aliyekigawa hakupata faida hata ya senti moja, alieleza kinatibu nini na hakitibu nini, na alirudi baada ya miezi kuona hali za watu. Baraza la wazee limekubali kwa kura kwamba meza hizo zisiwekwe tena uwanjani. Kura hazikuwa nyingi, na wapo walionikasirikia.

Tulipokuwa tukitafuta vitu vya maonyesho ya miaka mia, mtunza stoo alileta mizani ile, imeshika kutu, mfuko wake umeliwa na panya. Mjumbe mmoja aliuliza kama yafaa iwekwe meza moja na kikombe cha kwanza cha Chakula cha Bwana. Tulijadili kwa muda. Sasa ipo mezani, upande wa kushoto wa kikombe, na mama mwenyewe, ambaye ana miaka themanini na zaidi, alipoletwa kuiona aliishika, akaivuta chini kwa kidole, akasema inapunguza nusu kilo.