Ngoma ya Rumanyika na Mwalimu Mpya wa Mpira

Kila jamii ina desturi yake ya kumpokea kiongozi mpya, na desturi hiyo aghalabu hueleza hali ya wapokeaji kuliko uwezo wa mpokewa. Nchi ya Karagwe, ambayo tangu mwaka 2012 imekuwa wilaya mbili, Karagwe na Kyerwa, katika mkoa wa Kagera, ina kisa cha kale kinachofundisha jambo hili. Mwezi wa Novemba 1861 wasafiri wawili kutoka Uingereza, John Hanning Speke na James Grant, walifika katika makao ya Mfalme Rumanyika. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1863, Speke aliandika habari alizosimuliwa huko juu ya namna mfalme huyo alivyopata kiti. Mfalme Ndagara alipofariki waliachwa wana watatu wenye kustahili: Nnanaji, Rumanyika na Rogero. Wakuu wa nchi wakaweka mbele yao ngoma ndogo. Kwa uzito wake wa kweli ngoma ile ilikuwa kama unyoya, lakini ilitiwa dawa hata ikamlemea kila asiyekuwa na haki ya kutawala. Ndugu wawili hawakuweza kuitikisa. Rumanyika aliiinua kwa kidole chake kidogo.

Kama habari ingeishia hapo, ingekuwa hadithi njema ya kuwalaza watoto. Lakini haikuishia hapo. Rogero hakuridhika na hukumu ya ngoma, vita ikazuka, na Rumanyika alihitaji msaada wa wafanyabiashara wa pwani wenye bunduki ili kiti chake kisimame. Kilichomthibitisha hasa kilikuwa muda. Henry Morton Stanley alipopita Karagwe mwaka 1876, miaka kumi na mitano baada ya Speke, alimkuta Rumanyika angali mfalme. Ngoma ilimtangaza kwa siku moja. Miaka ndiyo iliyomfanya atawale.

Utawala wa machifu uliondolewa kwa sheria mwaka 1963, na ngoma za enzi zikanyamaza. Hata hivyo tabia ya kumwekea mgeni ngoma ndogo na kumtazama kidole haikuondoka katika nyoyo za watu. Ilihamia mahali pengine, na mahali ambapo huonekana wazi kuliko pote ni katika mpira wa miguu. Wapenzi wa mpira wa Kayanga, Nkwenda na Murongo, sawa na wenzao wa Tanzania nzima, wamewapokea walimu wengi wa timu ya taifa katika muda wa nusu karne. Wamewashangilia, wamewazomea, wamewasahau, na pengine wamewaita tena. Historia ya mapokezi hayo si mchezo mtupu. Ndani yake imo fedha ya umma, imo riziki ya watu, na limo swali ambalo taifa lililojitawala haliwezi kulikwepa: je, mjuzi ni lazima atoke mbali?

Habari yenyewe ianze na mwaka 1979. Mwaka huo ulikuwa mzito kwa watu wa Kagera kuliko kwa Watanzania wengine wote. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yamevamia ng'ambo ya kaskazini ya mto Kagera mwishoni mwa 1978, jirani kabisa na Karagwe. Kampala ilianguka Aprili 1979, na mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ukapewa jina la mto ule. Katika mwaka huo huo, mwezi wa Agosti, timu ya taifa ilikwenda Ndola kupambana na Zambia. Bao la Peter Tino lilileta sare ya 1-1, na Tanzania ikapata nafasi ya kwanza katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Televisheni haikuwako Tanzania Bara siku hizo. Bao lile lilifika vijijini kwa njia ya redio. Mwalimu aliyeiongoza timu kufuzu alikuwa mzawa, Joel Bendera. Lakini fainali zilipochezwa Nigeria mwaka 1980, mwenye usukani alikuwa Slawomir Wolk wa Poland. Timu ilifungwa na Nigeria 3-1, ikafungwa na Misri 2-1, ikatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast. Baada ya hapo zilipita fainali nyingi bila bendera ya Tanzania kupepea.

Kiu ya miaka hiyo yote ndiyo iliyompokea Marcio Maximo wa Brazil mwaka 2006. Nchi yake ilikuwa imekwisha kutwaa Kombe la Dunia mara tano, na jina la Brazil pekee lilitosha kuwa dawa ndani ya ngoma. Serikali ya Rais Jakaya Kikwete ilikubali kubeba mshahara wake, na kwa hiyo kila mlipa kodi akajiona kuwa mwajiri. Burkina Faso ilipofungwa mwaka huo huo, shangwe ikawa kubwa. Msumbiji iliposhinda Dar es Salaam mwaka 2007 na kuyazima matumaini, shangwe ikageuka kilio. Alipomwacha mlinda mlango Juma Kaseja, kipenzi cha wengi, manung'uniko yalimwandama kwa miaka. Maximo alikaa hadi 2010, na katika muda huo aliifikisha timu katika fainali za kwanza za wachezaji wa ligi za ndani, zilizofanyika Ivory Coast mwaka 2009. Mwaka 2014 alirudi nchini kuifundisha Yanga, na watu wakamlaki kwa furaha. Kabla mwaka haujaisha, timu yake ikafungwa na Simba, naye akaondolewa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Lakini wahenga hao hao walisema pia kuwa mgeni ni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Katika mpira jembe hutolewa siku ya kwanza, na mavuno hudaiwa siku ya pili.

Waliomfuata walipita njia hiyo hiyo. Kim Poulsen wa Denmark alitoka katika timu za vijana na kupewa timu ya wakubwa mwaka 2012. Aliifunga Zambia, mabingwa wa Afrika wa wakati huo, kisha akaifunga Kameruni, na mwezi wa Machi 2013 akaifunga Moroko 3-1 jijini Dar es Salaam. Mwaka 2014 aliondolewa, na mwaka 2021 aliitwa tena na chama kile kile. Mart Nooij wa Uholanzi aliachishwa Juni 2015 baada ya kufungwa na Uganda 3-0 mjini Zanzibar. Nafasi yake ilichukuliwa na Charles Boniface Mkwasa, na watu wengi wakafurahi kwamba hatimaye kazi imerudi kwa mwana wa nyumbani. Septemba ya mwaka ule timu yake ilitoka sare na Nigeria. Novemba ikafungwa na Algeria 7-0 ugenini. Ndipo ilipoonekana kwamba uzawa nao ni dawa ya ngoma kama ulivyo ugeni, na hauchezi mpira.

Mwaka 2018 alikuja Emmanuel Amunike wa Nigeria, aliyekuwa mchezaji bora wa Afrika wa mwaka 1994. Sifa zake zilimtangulia, lakini katika siku zake za kwanza aliwaondoa kikosini wachezaji kadhaa wa Simba kwa kuchelewa kambini, na nusu ya mashabiki wa nchi ikakasirika. Tarehe 24 Machi 2019 timu yake iliifunga Uganda 3-0, ikafuzu baada ya miaka 39, na hasira zote zikayeyuka kama umande. Katika fainali za Misri ilifungwa mechi tatu: na Senegal, na Kenya, na Algeria. Mwezi wa Julai, kabla vumbi la safari halijatulia, Amunike alikuwa hana kazi.

Yaliyofuata yanahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi. Adel Amrouche wa Algeria aliipeleka timu katika fainali zilizofanyika Ivory Coast Januari 2024. Baada ya mechi ya kwanza, ambayo Moroko ilishinda 3-0, aliwekwa kando kwa sababu ya maneno aliyoyasema juu ya Moroko, na Hemed Suleiman, Mzanzibari ambaye mashabiki humwita Morocco, akapewa usukani katikati ya mawimbi. Timu ikatoka sare na Zambia na Kongo. Novemba 2024 Hemed aliifuzisha tena timu kwa kuifunga Guinea 1-0. Lakini mwezi mmoja hivi kabla ya fainali za Moroko, Novemba 2025, aliachishwa, na Miguel Gamondi wa Argentina akashika nafasi yake kwa muda. Timu ikafungwa na Nigeria, ikatoka sare na Uganda na Tunisia, na kwa mara ya kwanza katika historia yake ikavuka hatua ya makundi, kabla ya kutolewa na Moroko kwa bao moja Januari 2026.

Msomaji atakayezipanga habari hizi kwa safu ataona jambo lisiloonekana katika kelele za kila siku. Tanzania imecheza fainali nne: 1980, 2019, ile iliyochezwa Januari 2024, na ile iliyoisha Januari 2026. Katika tatu kati ya hizo, aliyelima siye aliyevuna. Bendera alilima, Wolk akavuna kidogo. Amrouche alilima, Hemed akaokota. Hemed alilima, Gamondi akavuna. Mara mbili mlimaji alikuwa mzawa na mvunaji mgeni, na mara moja ikawa kinyume. Basi swali la mzawa au mgeni, ambalo huwagombanisha watu vijiweni kila uteuzi unapotangazwa, halijapata kutoa jibu hata mara moja. Aliyesifiwa kwa kuvuka makundi aliikuta timu iliyofuzishwa na mwingine, na aliyefuzisha hakupewa nafasi ya kuonyesha kama naye angevuka. Ni vigumu kutenda haki katika hesabu ya namna hii, na hakuna shangwe wala zomeo linaloweza kuigawa sawasawa.

Wala mambo haya si ya timu ya taifa peke yake. Kwa miaka mingi kiwanja cha Ligi Kuu kilichokuwa karibu na watu wa Karagwe na Kyerwa kilikuwa Kaitaba, mjini Bukoba, nyumbani kwa Kagera Sugar. Mecky Mexime alipotoka Mtibwa Sugar na kuichukua timu hiyo, aliimaliza ligi ya 2016/17 katika nafasi ya tatu, nyuma ya Yanga na Simba tu. Alikaa miaka kadhaa, jambo ambalo ni nadra katika soka ya Tanzania. Katika msimu wa 2024/25 timu ilibadili mwalimu ligi ikiendelea, kwa tumaini kwamba mkono mpya utainua ngoma. Msimu ukaisha kwa timu kushuka daraja. Hapana anayeweza kusema kwa hakika kwamba mwalimu wa kwanza angeiokoa. Yawezekana tu kusema kwamba kumbadili hakukuiokoa.

Haifai, hata hivyo, kumlaumu shabiki peke yake. Yeye hamchagui mwalimu, hamlipi kwa mkono wake, wala hasomi mkataba. Mtu wa Kyerwa anayekaa mbali sana na Dar es Salaam, na ambaye huitazama timu ya taifa katika kibanda cha video kwa fedha aliyoitoa mfukoni mwake, hana kura nyingine ila sauti yake. Anaposhangilia siku ya uteuzi, hashangilii ujuzi ambao hajauona. Anashangilia uwezekano wa kwamba mambo yatakuwa mema. Anapozomea baada ya mechi tatu, haombolezi mabao tu. Anaombolea ahadi aliyopewa na watu wasiotokea mbele ya umati. Lawama yapaswa kuwafikia wao kwanza. Kiongozi wa mpira anayemfukuza mwalimu ili kuituliza hasira ya watu huwa ameilipa hasira hiyo kwa fedha ya mtu mwingine, na viwanja vya vijana hubaki kama vilivyokuwa.

Lakini shabiki naye ana sehemu yake, na watu wa wilaya hizi mbili wangeweza kuwa walimu wa wengine katika hilo, kwa kuwa wengi wao huishi kwa kahawa na migomba. Mche wa kahawa hautoi mavuno ya maana kabla ya miaka mitatu au minne. Mkulima huupanda, huuwekea kivuli, huupalilia, na mwaka wa kwanza ukipita bila tunda haung'oi ili apande mwingine mahali pake. Akifanya hivyo kila mwaka, majirani watamcheka, na mwisho wa miaka kumi atakuwa na shimo tupu. Mkulima huyo huyo akiketi jioni kusikiliza matokeo, hutaka mwalimu aliyeajiriwa Agosti aonyeshe matunda Novemba. Subira anayo, na ameithibitisha shambani mwake maisha yake yote. Kinachotakiwa ni kwamba awadai viongozi wa mpira kitalu, maji na muda, kama anavyoyadai kwa ajili ya kahawa yake, na kwamba atakapotajwa mwalimu mwingine, aulize kwanza amepewa miaka mingapi na vijana gani wa kufundisha, kabla ya kuuliza ametoka nchi gani.