Egeria, dada aliyefunga safari na Biblia yake

Kuna mhubiri mgeni alipita hapa kambini na vichupa vya maji, akasema ni ya mto Yordani. Mama alinunua kimoja kwa pesa aliyopata kwa kuuza sehemu ya unga wa mgao. Sikumgombeza, mama ni mama. Lakini toka siku ile vijana wa kikundi chetu wananiuliza: mtu ambaye hata kibali cha kwenda mjini hapati, atafanyaje hija? Imani yake ni pungufu kuliko ya yule aliyefika Yerusalemu?

Mimi si mchungaji. Nawajibu kwa historia, maana ndo somo nililolipenda shuleni.

Kulikuwa na mwanamke anaitwa Egeria. Alitoka magharibi ya mbali, wengi wanasema upande wa Hispania, na wataalamu wanaweka safari yake kati ya mwaka 381 na 384. Aliwaandikia dada zake wa imani nyumbani. Barua hiyo ilikuja kuonekana 1884 kwenye maktaba moja huko Arezzo, Italia, mwanzo haina, mwisho haina.

Ukiisoma unaona desturi yake. Akifika mahali wanasali, wanasoma habari ya mahali pale pale kwenye Biblia, wanaimba zaburi, wanasali tena. Mlima Sinai alipanda kwa miguu, kwa sababu ulisimama kama ukuta. Anasema walifika kileleni saa nne, siku ya Jumapili, na Warumi walihesabu saa kama sisi, toka jua kuchomoza, kwa hiyo ni saa nne yetu kabisa. Wakasoma habari za Musa hapo hapo, na mapadri wa pale wakawapa matunda ya mlimani. Maneno aliyoyajua toka zamani sasa yalikuwa na mawe, jasho na kiu ndani yake. Nafikiri imani yake ilikua hivyo, kwa kusoma na kuuliza. Mwenyewe anakiri kwamba ni mdadisi.

Tena hadanganyi. Juu ya mlima Nebo walionyeshwa mahali pa mke wa Lutu, yule aliyegeuka nguzo ya chumvi. Egeria anawaambia dada zake wazi kwamba mahali alipaona ila nguzo hakuiona, na askofu wa Soari alimwambia ni miaka sasa haionekani. Angeweza kusema ameiona, nani angebisha? Nikikumbuka vile vichupa, nampenda zaidi.

Yerusalemu nako alikuta mambo kama ya kwetu. Askofu alihubiri Kigiriki, padri akageuza kwa Kisiria, na wa Kilatini wakaelezwa na ndugu waliojua lugha zote mbili. Hapa kambini mahubiri ni ya Kiswahili, yanageuzwa Kirundi, na bibi wa benchi la nyuma ananong'onezewa Kibembe. Ijumaa Kuu watu waliinama mmoja mmoja kubusu mti wa msalaba huku mashemasi wakilinda, kwa sababu ilisemekana kuna mtu aliwahi kuung'ata akaondoka na kipande! Watu ni wale wale.

Halafu akafika Harani, mji wa Ibrahimu. Akamuuliza askofu, je, Uru iko wapi, kule Ibrahimu alikotoka na baba yake? Akajibiwa kwamba ni vituo kumi vya safari, lakini Mrumi haendi, kote huko wanashika Waajemi. Mpaka ulikuwa umesogea mwaka 363, Warumi walipoukabidhi mji wa Nisibi, na Wakristo wa pale wakahama. Mmoja wao ni Efremu, mtunzi mkubwa wa nyimbo za kanisa, aliyemalizia maisha yake Edessa. Alikuwa mkimbizi huyo.

Sehemu hii nilimsomea mama jioni. Kaburi la baba yake liko ng'ambo ya ziwa, toka tumekimbia hajalifikia. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama yule dada alikasirika kuzuiwa. Nikamwambia barua haisemi. Inasema tu kwamba siku mbili baadaye askofu aliwapeleka kwenye kisima ambapo Yakobo aliwanywesha kondoo wa Raheli, maili sita nje ya mji, wakasali na kusoma.

“Basi nisomee na hiyo ya kisima,” akasema.