Tabibu wa Farasi na Mzigo wa Mpagazi: Huduma za Wanyama wa Jeshi katika Vita vya Afrika Mashariki, 1914–1918

1.0 Utangulizi

Vifo vya farasi wa jeshi la Uingereza katika Afrika Mashariki ya Kijerumani huelezwa mara nyingi kama mkasa wa maumbile: mbung'o waliuma, farasi wakafa. Insha hii inadai kuwa maelezo hayo hayatoshelezi. Maarifa kuhusu maradhi hayo yalikuwapo miongo miwili kabla ya vita. Kilichokosekana ni uamuzi wa makamanda wa kuyazingatia, na gharama ya upungufu huo haikuishia kwa wanyama.

2.0 Mafanikio ya tiba barani Ulaya

Katika Vita vya Makaburu vya 1899–1902, Waingereza walipoteza farasi zaidi ya 300,000. Wengi wao waliuawa na njaa, uchovu na maradhi kuliko risasi. Aibu hiyo ilichangia kuundwa kwa Kikosi cha Matabibu wa Mifugo cha Jeshi mwaka 1903. Ilipofika 1914, kikosi hicho kilikuwa na utaratibu ulioeleweka: farasi aliyejeruhiwa alitolewa mstari wa mbele na vikosi tembezi, akasafirishwa kwa reli, kisha akalazwa katika hospitali ya wanyama nyuma ya uwanja wa mapambano.

Katika hospitali za Ufaransa, matabibu walitoa vipande vya makombora mwilini, walipasua majipu, walisafisha vidonda vya matandiko na kuwaogesha wanyama wenye upele kwa dawa. Miongoni mwao alikuwamo Frederick Hobday, bingwa aliyekwisha kujulikana kwa upasuaji wa koo za farasi wanaokoroma wakimbiapo. Sehemu kubwa ya waliolazwa walirejea kazini. Hata hivyo, mafanikio hayo yalitegemea sharti moja: jeraha likishatibiwa, mazingira ya mapumziko yasimwambukize mgonjwa upya.

3.0 Kikomo cha tiba katika nchi ya mbung'o

Afrika Mashariki haikutimiza sharti hilo. Mnamo 1894–1895, huko Ubombo katika nchi ya Wazulu, David Bruce alibaini kuwa nagana husababishwa na vimelea vya damu vinavyoenezwa na mbung'o. Robert Koch naye aliuchunguza ugonjwa wa mbung'o akiwa Dar es Salaam mwaka 1897–1898. Kwa hiyo pande zote mbili za vita zilikuwa na ushahidi wa kitaalamu.

Licha ya hayo, Jan Smuts alipochukua uongozi mwezi Februari 1916, alitegemea wapanda farasi kutoka Afrika Kusini ili kumzunguka adui kwa kasi. Mwezi Aprili, kikosi cha Jaap van Deventer kiliingia Kondoa Irangi katika mvua za masika, kikiwa kimepungukiwa mno na farasi. Kilipoelekea reli ya kati na kuingia Dodoma mwishoni mwa Julai, kilipita tena katika mapori yenye mbung'o.

Hapa kisu cha mpasuaji hakikuwa na la kufanya. Tabibu aliweza kuziba jeraha, lakini hakuweza kuitoa nagana katika damu. Farasi walipewa aseniki, ambayo iliwaongezea siku za kutumika bila kuwaponya. Hivyo lengo la huduma lenyewe lilibadilika: kutoka kumponya mnyama hadi kuchelewesha kifo chake mpaka mwendo uishe. Farasi wapya waliletwa kufidia waliokufa, nao wakapitishwa njia zile zile.

4.0 Kutoka mgongo wa farasi hadi kichwa cha mpagazi

Wanyama walipokwisha, na magari yalipokwama matopeni, mizigo ilihamia kwa binadamu. Mwaka 1917 serikali ya kikoloni ya Kenya ya leo iliendesha uandikishaji wa nguvu wa wapagazi. Katika upande wa Uingereza walikufa wapagazi zaidi ya 90,000, wengi kwa kuhara, malaria, homa ya mapafu na chakula kisichofaa. Majina ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na Kariokor jijini Nairobi yanatunza kumbukumbu ya kikosi chao.

Si sahihi kudai kuwa nagana peke yake iliwaua watu hao. Upagazi ulikuwapo tangu misafara ya karne ya 19, na upungufu wa barabara nao ulichangia. Lakini mkakati uliojengwa juu ya mnyama asiyeweza kuishi katika nchi hiyo uliongeza uzito wa mzigo ulioishia kichwani mwa mpagazi.

5.0 Hitimisho

Historia ya tiba ya farasi haiwezi kuandikwa kwa kuhesabu hospitali na ustadi wa wapasuaji pekee. Ulinganisho wa Ufaransa na Afrika Mashariki unaonyesha kuwa tabibu hufaulu pale ambapo ushauri wake unatangulia amri ya mwendo. Ushauri huo unapopuuzwa, hubaki kuhudumia matokeo ya uamuzi wa wengine. Kwa sababu hiyo, kumbukumbu za matabibu wa mifugo zinastahili kusomwa sambamba na kumbukumbu za wapagazi, kwani zote mbili zinahusu mzigo mmoja.