Tathmini ya kiuchumi ya uendelezaji wa afya ya wazee

Tathmini hii hulinganisha gharama za mipango kama mazoezi, ushauri wa lishe na kupunguza upweke na manufaa wanayopata wazee. Vipimo vyake vingi viliundwa kwa ajili ya dawa na matibabu, na mara nyingi haviwafai wazee.

Ugumu mmoja unaonekana katika mpango wa mazoezi ya kuzuia kuanguka uitwao Otago, wa New Zealand. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulihusu watu 240 wa Auckland Magharibi wenye miaka 75 na zaidi. Takriban nusu yao walitembelewa nyumbani na muuguzi aliyewafundisha kuimarisha miguu na kusimama bila kuyumba. Matukio ya kuanguka yalipungua kwa asilimia 46. Kuzuia tukio moja kuligharimu dola 1,803 za nchi hiyo. Gharama za hospitali zilizoepukwa zilipohesabiwa, zikabaki dola 155. Tofauti yote hiyo ilitokana na kulazwa mara tano tu katika kundi lisilofanya mazoezi, ilhali upande wa pili hakulazwa mtu. Kama wawili au watatu wa kundi la mazoezi wangevunjika nyonga, hesabu ingegeuka.

Manufaa yenyewe nayo ni shida kuyapima. Dodoso la EQ-5D huuliza kuhusu kutembea, kujihudumia, shughuli za kawaida, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Mzee aliyepata wenzake wa kupiga nao soga anaweza kujibu vilevile kama mwanzo. Ndiyo maana Joanna Coast na wenzake nchini Uingereza walibuni dodoso la ICECAP-O, linalouliza kuhusu upendo, usalama na kujiona wa maana.

Kazi isiyolipwa nayo hupotea: hesabu inayotumia mishahara kupima mchango wa mtu humpa sifuri bibi anayelea wajukuu, na mara nyingi humsahau binti aliyeacha kazi ili amuuguze mzazi wake.

Kisha kuna muda. Kwa kiwango cha punguzo cha asilimia 3.5 kwa mwaka, ambacho Uingereza imekitumia kwa muda mrefu, manufaa ya 100 yatakayopatikana baada ya miaka kumi huhesabiwa kuwa kama 71 leo, wakati mshahara wa mkufunzi unalipwa sasa. Wachumi wanabishana pia kama matibabu ya maradhi mengine katika miaka ya maisha iliyoongezeka yaingizwe kwenye gharama. Yakiingizwa, aliyekufa mapema huonekana nafuu kwa hazina, jambo ambalo mpango wa afya haukukusudia kulipima.