Si Kitabu Pepe, ni Kitabu Pango

Kamati moja ya istilahi imetuletea tena “kitabu pepe” kama jina la kitabu cha kielektroniki, safari hii kwa muhuri. Pendekezo langu, “kitabu pango”, kamati haikulijibu hata kwa mstari mmoja. Basi nalitetea mwenyewe.

“Pepe” ni ndugu wa upepo na kupepea. Iliifaa barua, maana barua ikishafika imemaliza kazi. Kitabu hununuliwa kikae. Tena kila apepetaye mpunga anajua kuwa pepe ni punje isiyo na kiini. Je, wanakamati wanatuambia tunauziwa makapi? Kiini kimo, maneno ni yale yale. Kisichokuwemo ni milki.

Julai 2009 Amazon ilifuta riwaya mbili za George Orwell kwenye Kindle, vifaa vyake vya kusomea, za watu waliokwisha kuzilipia, kwa kuwa aliyezitoa hakuwa na haki nazo. Pesa zilirudishwa, lakini mwanafunzi mmoja Marekani alibaki na maelezo aliyoyaandika kwa ajili ya masomo, yasiyo na ukurasa wa kuyashika. Desemba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya Tom Kabinet, ikaamua kwamba kitabu cha aina hii hakiuzwi mkono wa pili bila idhini ya mwenye haki. Basi anayekilipia si mnunuzi, ni mpangaji.

Kitenzi “kupanga” kimetuzalia mpangaji na pango. Bingwa mmoja alicheka kwamba pango ni makao ya popo. Tanzania hutozwa kodi ya pango la ardhi, na sijasikia mlipaji aliyekwenda na tochi. Mwingine akadai pango hulipwa kila mwezi. Huyo hajapanga Dar es Salaam, ambako mwenye nyumba hutaka ya mwaka mzima kwa mkupuo.

Jina sahihi lingenyoosha na bei. Mwaka 2010 wachapishaji watano wakubwa waliungana na Apple, na Marekani vitabu vingi vipya vya Kindle vikapanda kutoka dola 9.99 hadi 12.99 au 14.99; mwaka 2013 mahakama ikauita muungano huo njama. Bei hiyo iliikaribia ya kitabu cha karatasi, ambacho mwenyewe hukiazimisha, hukiuza na kukirithisha. Anayepangisha hana haki ya kudai bei ya anayeuza.

Matumizi: kitabu pango, vitabu pango. Kamati ikikutana tena, ianzie hapo.